Neno Hiari

Ngamia tisa wa Ebla, mama mfugaji wa Kisomali, walikuwa na siku nne katika zizi la serikali, karibu na mto Tana, na kila mmoja alikuwa na chapa ya ukoo shingoni: mistari miwili na nukta. Askari waliwakamata wakidai kwamba maziwa yao yaliwanywesha waasi waliotaka kujitenga na Kenya. Huenda ni kweli. Ebla hakuwa mtu wa kumwuliza mgeni mwenye kiu anapigania upande gani.

Asubuhi hiyo aliitwa pamoja na wafugaji wengine mbele ya ofisi ya Garissa. Ofisa, kijana wa soksi ndefu, alianza na habari za Nairobi. Chama cha upinzani kilikuwa kimejivunja na wabunge wake wakaingia serikalini, mwaka mmoja na nusu tu baada ya uchaguzi. Uchaguzi wenyewe watu wa huku waliususia, lakini kijana hakuligusa hilo.

"Sasa serikali ni moja!" alisema. "Wenzenu wameingia kwa hiari. Nanyi mtaingia hivyo hivyo."

Mkalimani alikuwa Warfa, mtoto wa dada yake Ebla, mwenye mke mjamzito na kibarua kimoja tu cha kumlisha. Alifasiri kwa Kisomali kwamba ukoo mdogo umeingia katika ukoo mkubwa na kuiacha chapa yake.

"Ukame gani uliwapata?" aliuliza Ebla, na wazee wakacheka. Huku, ukoo haufanyi hivyo ila mvua zikikatika.

"Mama anashukuru kwa habari," Warfa alimwambia ofisa.

Kisha yakaja masharti. Atakayetia dole gumba kwenye karatasi, na ngamia wake wakachomwa chapa ya serikali juu ya ile ya ukoo, atarudishiwa. Wanane walitia dole, macho chini. Ebla hakuwalaumu, njaa ya mtoto haina mjadala. Zamu yake ilipofika, ofisa alimsomea: "Nimekubali chapa ya serikali kwa hiari yangu."

Warfa akafasiri: "Nimekubali chapa ya serikali." Akaishia hapo.

Sasa, Warfa msomi wetu alisahau jambo moja. Kiswahili kingi kilimpita Ebla, lakini maneno yenye asili ya Kiarabu alikuwa nayo tangu chuo cha Kurani. Hiari ni ikhtiyaar. Kwa neno hilo kadhi alimwuliza siku ya ndoa yake kama amekubali mwenyewe, na alifikiri kwanza ndipo akajibu. Hakuwa tayari kulitoa ovyo kwa kijana wa soksi.

"Habaryar, mama yangu mdogo, weka kidole," Warfa alinong'ona. "Nakuomba."

Ebla akamsogeza kando, akatumia Kiswahili chake cha kuuzia maziwa, ambacho p yake huwa b na v yake huwa f.

"Bwana, bunduki iko kwako. Ngamia iko kwako. Chaba biga, mimi hawezi zuia. Lakini hiari, futa. Andika: kwa ngufu."

"Mama, hata wabunge wameingia kwa hiari!"

"Hao wa bunge, hiari nasema wao wenyewe, ama nasema mkalimani yao?"

Warfa alitamani ardhi immeze. Ofisa akaitazama saa yake. Karatasi ile ilipaswa kuondoka na lori la adhuhuri, na kila mstari ulikuwa na hiari yake. Neno nguvu likionekana mara moja tu, wakubwa wangeanza kuuliza na ile mistari minane iliandikwaje. Akalikata jina la mwanamke yule lote, na ngamia wasio na jina kwenye karatasi hawakuwa na sababu ya kubaki zizini.

"Mfungulieni," aliwaambia askari. "Na nisimwone tena hapa."

Ebla alijua kesho doria nyingine ingeweza kuwakamata tena. Hata hivyo, aliwatoa ngamia wake tisa mbele ya watu wote, taratibu, ili kila mtu aione ile mistari miwili na nukta, na fahari ilimjaa mpaka akashindwa kuificha. Alipofika mbele ya ofisa alisimama, akasema neno kwa Kisomali.

"Anasemaje?" ofisa aliuliza.

Warfa alimtazama mama yake mdogo. Akanyoosha mgongo, na safari hii hakupunguza kitu.

"Anasema anaondoka kwa hiari yake."