Aliyerudi Kumalizia Safari

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mabegi ya safari yalikuwa yakipimwa kwenye mizani iliyoning'inizwa mlangoni mwa stoo. Kanuni ilikuwa begi lisizidi robo ya uzito wa mwenye kulibeba. Vijana kumi na wawili walipanga foleni, na mlezi wa kujitolea akawa anawapunguzia visivyohitajika porini: pasi ya nywele, kopo zima la maziwa ya unga, na tofali ambalo kijana mmoja alitiliwa na kaka yake kwa utani.

Ndipo kijana wa kumi na tatu, msichana, alipoingia getini. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa ameloa chapachapa kuanzia nywele mpaka viatu. Hakuna aliyemtarajia. Mlezi alimtambua, ila alikuwa bado na mabegi manne ya kupima. Zamu ilipofika, msichana akaning'iniza begi lake mwenyewe, maji yakachuruzika sakafuni.

"Kilo kumi na moja," mlezi akasoma. "Kamua nguo, mdogo wangu, utapunguza mbili."

"Hazikamuki, dada. Nimeshajaribu."

Kiongozi wa msafara akatoka ofisini na faili kwapani.

"Wewe ni wa mwaka jana," akasema.

"Ndiyo, kiongozi. Nimekuja kumalizia."

"Hapa imeandikwa uliacha safari kwa hiari yako."

"Nilizama. Pale mtoni, siku ya tatu."

"Najua ulizama. Lakini imeandikwa uliacha, na aliyeacha haruhusiwi kurudi kabla ya miaka miwili." Akafunga faili, akamgeukia mlezi. "Hayumo kwenye orodha. Akitaka kutufuata, njia ni ya watu wote."

Chini ya maandishi hayo palikuwa na sahihi ya mlezi. Mwaka jana yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya mstari. Mlezi wa nyuma hampiti kijana yeyote, kwa sababu yoyote ile. Lakini siku ya tatu wafadhili walikuwa wakisubiri kileleni na mpiga picha wao, akaitwa mbele, akaenda mbio. Jioni yake aliwekewa karatasi na kalamu, na barua ikaenda kwa mama wa msichana. Tangu hapo kila akisaini kitu mkono wake hufa ganzi mpaka kiwiko. Daktari alisema ni kukosa usingizi.

Hii ilikuwa safari yake ya tatu. Kiongozi alikuwa amemwahidi kwamba baada ya ya tatu ataajiriwa. Nyumbani mama yake alishawatangazia majirani, na baba yake alishachoka kungoja. "Msomi wetu anabeba mizigo kama punda," alipenda kusema, "na punda angalau hupewa majani."

Wakaondoka. Vijana walimwita mlezi Mkia, kwa sababu ya mahali pake kwenye mstari. Msichana wakamwita Kisima.

"We Kisima, mbona unatutilia tope njiani?"

"Si mlisema mmechoka na vumbi?"

"Kawia ufike, bibi! Mkia, msukume kidogo!"

Siku ya pili walikuta chemchemi imekauka. Kisima akanyoosha mkono, na vijana wakajaza chupa zao kwenye pindo la mkono wa shati lake, mmoja baada ya mwingine, wakisema asante. Kiongozi naye alijaza yake. Akaonja, akasema maji haya hayahitaji kuchemshwa.

Alasiri, wengine walipokuwa wamewatangulia, Kisima akasema bila kugeuka, "Mwaka jana ulinipita, dada."

"Nilikupita."

"Ukaniambia tutakutana kileleni."

"Nilisema hivyo."

"Mama ameambiwa nilitoroka. Mimi sijawahi kuacha kitu katikati. Hata uji ule wenye madonge nilikuwa namaliza." Akatembea kidogo. "Safari hii uwe nyuma yangu mpaka mlangoni kwa mama."

"Nitakuwa nyuma yako mpaka mlangoni."

Siku ya tatu, mtoni, redio ya kiongozi ikakoroma: wafadhili wameshapanda kwa gari upande wa pili. Kiongozi akapuliza filimbi, vijana wakajihesabu kwa sauti kama walivyofanya kila kituo. Moja mpaka kumi na mbili.

"Kumi na tatu," akasema Kisima.

"Kumi na wawili, wote wapo," akasema kiongozi. "Mlezi, njoo mbele. Picha inataka walezi wote."

"Kuna mtu nyuma, kiongozi."

"Nyuma hakuna mtu." Akajipapasa mfuko wa shati. "Barua yako ya kazi ninayo hapa. Nataka kukukabidhi mbele yao. Usiniaibishe."

Mlezi aliutazama ule mfuko. Aliiona hata pembe ya bahasha. Akamfikiria mama yake na majirani. Kisha akavua viatu, akavitundika shingoni, na kungoja Kisima aingie mtoni kwanza.

Walivuka polepole, maana Kisima alikuwa mzito na mawe yalikuwa na utelezi. Walifika kileleni kesho yake saa nne. Majani yalikuwa yamelazwa na magurudumu. Mlezi akampiga picha kwa simu; ikatoka picha ya jiwe lenye unyevu. Kisima akaitazama, akasema jiwe limetoka vizuri.

Waliposhuka mpaka ofisini, taarifa ilikuwa imeshabandikwa ukutani. Vijana kumi na wawili, wote wamemaliza. Mlezi mmoja ameacha kwa hiari yake.

Kwa mama wa Kisima palikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kisima alitangulia, mlezi akafuata kwenye lami, akipita palipolowa. Mlango ulikuwa wa bluu. Mama akaufungua, akamshika binti yake shavu kwa kiganja.

"Ingia, utashikwa na mafua," akasema. Akachukua taulo, akaanza na nywele. Taulo la kwanza likajaa maji, akachukua la pili. Ndipo akamwona mtu aliyebaki kizingitini.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyesaini ile barua, mama."

Mama hakuacha kufuta. Alifuta nywele zote, na masikio, na shingo. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kabati.

"Iko droo ya juu. Mimi sikuwahi kufika mwisho wake. Isome, na uisome kwa sauti, mwenyewe asikie."

Mlezi akaingia, akafungua droo, akasoma yote, mpaka jina lake.