Kitanda Kilichovuka Mto

Mwaka ule Krismasi iliwakuta watu wa Mlabani mikono mitupu. Mpunga wa msimu uliopita ulikuwa umeliwa na maji, na kanga mpya zilizoning'inia dukani kwa Seifu zilitazamwa tu, kisha watu wakapita. Ndipo katekista Tadei, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, aliposimama kanisani Dominika ya mwisho ya Majilio akasema kuwa zawadi za mwaka huu zitatoka mikononi. Kila mmoja amchagulie mwenzake kazi ya kumfanyia, aifanye siku inayofuata Krismasi. Bila pombe, bila kutangaza, bila kudai shukrani.

Scolastica aliguna. Bila pombe! Tangu lini watu wa bonde hili wakashika jembe kwenye shamba la mtu bila pombe? Ukiita watu waje kukulimia, unapika pombe, unasonga ugali, unachinja walau kuku mmoja wa kulinda heshima. Asiye na kitu haiti watu. Yeye hakuwa na kitu, basi hakuita, ingawa shamba lake ng'ambo ya mto lilikuwa bado majani matupu na mvua zilishaanza. Mto ukipanda kabla mbegu haijaota, ndiyo basi, mwaka mzima ni njaa.

Alilima peke yake tangu kiboko alipoupindua mtumbwi wa mumewe, Dionisi, na kumvunja mguu. Alilima mpaka viganja vikachubuka, na kila jioni alipogeuka kutazama, alichokilima kilikuwa kama kiraka kwenye shuka.

Hata hivyo, aliyemtia hofu zaidi alikuwa Dionisi. Mtu yule alikuwa na maneno! Zamani kila alfajiri ya msimu alitangulia shambani, na mkewe akifika, humpokea kwa utani uleule: "Mke wangu, mbona umechelewa shambani?" Sasa alilala uso ukutani. Ukimpa uji, anakunywa. Ukimsemesha, anafumba macho. Scolastica akaacha kabisa kumwuliza lolote, hata kisu kiko wapi, eti asimchoshe. Kwake huko ndiko kulikuwa kumhurumia.

Zawadi yake mwenyewe alimpangia Bibi Margareta, kikongwe aliyeishi nyuma ya kanisa: kumkandikia ukuta uliobomoka. Siku ilipofika akamwekea Dionisi uji wake, akaenda. Bibi yule siku hiyo alikuwa na mambo. Ukuta ulipokwisha, akataka na sakafu. Sakafu ilipokwisha, akakumbuka kwamba mtungi hauna maji, kisha kuni, kisha habari ndefu za mjukuu wake.

"Bibi, niruhusu. Mgonjwa wangu yuko peke yake."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Haraka ya nini?"

Jua lilikuwa limepita utosini alipofika nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Dionisi hayupo. Kitanda nacho hakipo, vimebaki vishimo vya miguu yake sakafuni. Akaita kwa jirani, kimya. Akaita nyumba ya pili, wakamjibu kuku.

Akakimbilia dukani. Zena, mke wa Seifu, alikuwa mlangoni. "Wamepita na kitanda begani, Scolastica," alisema. "Wameelekea Kivukoni."

Scolastica akashika njia ya mtoni, mbio. Kitanda kikitoka nyumbani begani mwa wanaume, ama kinakwenda hospitali, ama kinakwenda makaburini. Na hospitali haikuwa Kivukoni. Ng'ambo ya Kivukoni ndiko walikozikwa baba yake Dionisi na babu zake wote.

Alipofika mtoni alikiona. Upande wa pili wanaume wanne walikuwa wakipanda ukingo na kitanda begani, nyuma yao wanawake na mizigo kichwani, wote wakizama kwenye majani marefu. Scolastica akakaa chini kwenye tope, akapiga ukunga.

"Binti yangu!" Mwinyimvua, mzee aliyevusha watu kwa mtumbwi, alimshika mkono. "Nani kakwambia kafa mtu? Nyamaza, panda."

Hakumwamini. Mfiwa huambiwa hivyohivyo ili apate nguvu za kufika. Akapanda, akitafuta senti kwenye pindo la kanga.

"Acha hizo," mzee alisema. "Leo sipokei nauli. Krismasi si yangu, lakini kazi naijua."

Ng'ambo alikimbia njia nzima. Akatokea shambani kwake, akasimama.

Majani hayakuwepo. Udongo ulikuwa mweusi, mbichi, umegeuzwa kutoka mwanzo hadi mwisho, mpana hivi kwamba kwa kitambo hakulitambua shamba lake. Na watu! Hakujua kwamba Mlabani ina watu wengi namna ile. Hata Hermenegildi alikuwepo, yule waliyegombania naye mpaka wa shamba hadi wakanyimana salamu. Wote walikuwa wameegemea majembe, kimya, kama kanisani mkate unapoinuliwa. Walikuwa wanatazama mahali pamoja.

Katikati walikuwa wamebakiza majani, upana wa mkeka. Hapo alikaa Dionisi, mguu uliofungwa magango ya miti umenyooshwa mbele, ameshika jembe la mpini mfupi. Akapiga. Akasogea kwa makalio. Akapiga tena. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Tadei alimsogelea Scolastica, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumelima tangu alfajiri. Tulimwuliza na yeye atamfanyia nani kazi. Akalia, mama. Akasema tangu avunjike mguu, hakuna aliyemwomba kitu. Kisha akasema, nitamlimia mke wangu."

Scolastica aliziba mdomo kwa viganja vyake vyenye malengelenge. Mungu wangu, alisema moyoni, nilikuwa namzika mimi mwenyewe.

Dionisi aling'oa kwa jembe shina la mwisho la majani, akalikung'uta udongo, akalitupa. Kando yake ulikuwepo mfuko wa mbegu, uleule Scolastica aliouning'iniza juu ya moshi wa jikoni ili usiliwe. Akainua uso, akamwona.

"Mke wangu," alisema, akihema, "mbona umechelewa shambani?"

Watu waliangua kicheko, na wengi wao walikuwa wanafuta macho. Scolastica akafunga kanga kiunoni, akapita katikati yao, akapiga magoti mbele ya mumewe na kukinga mikono yake miwili apewe mbegu.