Gazoni na Majani ya Mikia

Hamimu alipiga magoti, akatoboa udongo kwa kidole gumba, akachomeka kipande cha gazoni katikati ya mashina mawili ya majani ya mikia, akakikandamiza kwa ngumi. Kisha akasogea kidogo, akatoboa tena. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, na udongo wa Kibenga ulikuwa umelainika kwa ndoo za maji alizoumwagia mchana.

"Shemeji, unanichoma mbavu," sauti ikasema kutoka ndani ya majani.

"Pole, Sylvère. Sogea kidogo."

"Nisogee wapi? Huku tuko mi na panzi tu, na panzi wamenitangulia."

Hamimu akahamisha kidole, akaendelea.

Alikuwa muuza vipuri vya magari kule Bwiza, na nyumba hii ya Kibenga aliijenga polepole, tofali kwa tofali, katika miaka ambayo wengine walikuwa wanafunga mizigo kukimbia vita. Ukuta ulipokwisha, yeye na mkewe Adija walibishana juu ya uwanja wa mbele. Yeye alitaka gazoni, majani mafupi yaliyolala chini. Adija alitaka majani ya mikia, yale marefu ya mapambo yenye mashuke mekundu kama mikia, ambayo wakati huo yalikuwa mbele ya karibu kila nyumba ya mtaa ule. Hamimu hakuwa mtu wa kukata neno kabla hajaona. Alivuta kamba katikati ya uwanja, kutoka langoni hadi barazani. Upande wa kushoto akapanda gazoni, upande wa kulia majani ya mikia, akasema wayaangalie kwa mvua moja na kiangazi kimoja.

Gazoni ilitaka maji kila jioni na fyekeo kila wiki, lakini ilikuwa safi. Mtoto angeweza kulala juu yake, na aliyeketi barazani alimwona kila anayeingia. Majani ya mikia hayakutaka chochote. Yalisimama hadi kifuani, yakazuia vumbi la barabara, na upepo wa ziwa ulipovuma yalitoa sauti ya mtu anayepepeta mchele. Ubaya wake, Hamimu alisema, ni kwamba yanaweza kuficha nyoka.

Yalimficha Sylvère.

Sylvère alikuwa ndugu yake Adija wa kunyonya. Mama zao walikuwa majirani Bwiza, na wa Sylvère alipougua baada ya kujifungua, mama yake Adija alimpa mtoto titi la pili. Baadaye Sylvère akabatizwa kanisani, na kila Idi akawa anakula kwa Adija, wala hakuna aliyeona shida. Katika mwaka wa kumi wa vita kaka yake mkubwa alikwenda msituni kwa waasi, na watu wakaanza kumwulizia Sylvère kazini kwake. Jioni moja aliingia langoni mbio, askari wakiwa nyuma yake, akajitupa ndani ya majani. Askari waliyafunua kwa mitutu ya bunduki, shina baada ya shina. Kitalu chenyewe hakikuzidi upana wa mikeka mitatu. Waliona majani tu. Wakaomba maji ya kunywa, wakashukuru, wakaondoka.

Adija alipoita, Sylvère alijibu kutoka pale pale walipomaliza kuchungulia. Tangu siku hiyo aliishi humo. Sahani iliingia na wali, ikatoka tupu. Shati safi liliingia, chafu likatoka. Mkono wake ulionekana hadi kiwiko, na zaidi ya hapo hakuna.

"Baba Amira, gazoni yako inakunywa maji kama radieta mbovu," Adija alimwambia mumewe wiki ile.

"Yangu inakunywa maji, Mama Amira. Yako inakula wali wangu."

"Na nyama," Sylvère akasema. "Ila leo hamkuniwekea."

Haikuwa nyumba yao peke yake. Mtaani watu walianza kupika sufuria kubwa kuliko familia walizokuwa nazo, na jioni kila mmoja alisimama uani kwake akiongea na majani yake. Mwanzoni mwa mwezi shefu wa karitie, yaani mkuu wa mtaa, Salvator, mtu mpole aliyebisha hodi hata penye lango wazi, alipita nyumba kwa nyumba na amri. Kwa ajili ya usalama, majani ya parseli zote, kila kiwanja cha nyumba, yasizidi kifundo cha mguu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angepita kupima.

Ingrid, muuguzi aliyekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa mtu wa kutii. Aliyakata ya kwake wiki ile ile. Fyekeo lilipofika katikati, mdogo wake Maxime akabaki amesimama kwenye visiki vya majani, kikombe cha chai mkononi. Lori la askari lilikuwa linangoja kwenye kona. Likamchukua kabla chai haijapoa. Ingrid akapanda gazoni mahali pale, nayo ikashika vizuri kila mahali isipokuwa zilipokuwa nyayo za Maxime. Alizimwagilia maji hizo nazo.

Hamimu alitazama hayo kwa siku kadhaa. Kisha akainama kwenye kamba yake. Alikuwa ameliona jambo tangu kiangazi, akaliacha lijithibitishe. Kando ya kamba gazoni ilikuwa imeanza kutoa vimikia vyekundu, vidogo kama vya panya. Na majani ya mikia yaliyopakana na gazoni yalikuwa yamefupika hadi usawa wake.

"Yanaigana," alimwambia Adija.

"Kwa hiyo utayafundisha?"

"Apana. Mi nayachanganya tu. Yatajifunza yenyewe."

"Na Sylvère? Yakiwa mafupi, mutu mzima atajificha wapi?"

Hamimu alifikiri. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Akiyaacha marefu, yangekatwa mbele ya askari. Yakiwa mafupi, huenda mtu angebaki juu kama alivyobaki Maxime.

"Naye ajifunze," akasema mwishowe.

Basi kila alasiri aling'oa vipande upande wa kushoto, akavichomeka kulia, akianzia kingo na kwenda ndani. Majani yaliyopata gazoni miguuni yalishuka siku hadi siku, kama mtu mrefu anayezoea mlango mfupi. Ila kazi ilikuwa ya kuzunguka mbavu, magoti na viwiko vya Sylvère, na haikwenda haraka. Ijumaa ile giza lilipoingia, katikati palikuwa bado hapajapandwa, na majani ya hapo yalifika kiunoni.

Jumamosi asubuhi shefu Salvator alibisha hodi langoni, na askari wawili walikuwa nyuma yake. Nje lori lilinguruma bila kuzimwa. Adija alikuwa barazani akichambua maharage, na vidole vyake vikaacha kuchambua.

"Karibu, shefu," Hamimu akasema.

Shefu alipoweka mguu ndani ya lango, majani yakaanza kushuka. Kwanza ya kingo, yaliyozoea gazoni, kisha ya katikati yakayafuata, safu kwa safu, kama watu wanavyokaa chini msikitini. Mikia ikajikunja, ikaingia chini ya tumbo la majani. Shefu alisubiri yamalize, ndipo akasimamisha fimbo yake. Alama ya kifundo cha mguu iliyochongwa kwenye fimbo ilibaki wazi juu ya majani.

"Iko sawa," akasema. Akatembea juu yake hadi katikati ili apime na hapo.

"Ai," majani yakasema.

Shefu akainua mguu, akaangalia soli kama kuna mwiba, akaushusha hatua moja pembeni. Akapima. Napo palikuwa sawa.

"Hii gazoni yenu mbona iko na mikia?" askari mmoja akauliza.

"Ni ya Uvira, ng'ambo ya ziwa," Adija akajibu. "Ya kule iko hivyo."

Askari akakubali. Shefu akaaga kwa mikono miwili, akasema atarudi mwisho wa mwezi ujao. Pengine kimo kitashushwa tena, hajui, yeye anaambiwa tu.

Lango lilipofungwa, Hamimu aliketi chini pale alipokuwa amesimama. Adija alishuka barazani na ungo wa maharage, akainamia majani.

"Sylvère! We Sylvère! Uko muzima?"

"Amenikanyaga bega," sauti ikasema, karibu kabisa na udongo, nyembamba kidogo kuliko kawaida. "Yule mutu anavaa viatu vizito, dada. Mwambieni siku nyingine avue."

Adija alicheka hadi maharage yakamwagika. Hamimu naye akacheka, kisha akafuta macho kwa kanzu. Majani yakaanza kupanda tena taratibu, na sauti ya Sylvère ikanenepa kadiri yalivyopanda. Adija aliingia ndani kupika pilau, ingawa haikuwa sikukuu.

Lori lilikwenda nyumba ya mwisho mtaani, kwa mwalimu Danielle, aliyekuwa ameyakata yake alfajiri ile ile, vizuri, sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Liliporudi lilipita mbele ya lango la Hamimu, na mumewe Danielle, Jimmy, alikuwa amesimama nyuma kati ya askari. Hamimu alimpungia mkono. Jimmy akampungia. Lori likashika njia ya mjini. Danielle alionekana barabarani na reki mkononi, kisha akarudi ndani kukusanya alichokata.

Hamimu aliingia tena kwenye majani, akapiga magoti, akatoboa udongo wa katikati. Alipanda mpaka jua likazama upande wa Kongo na macho yakashindwa kutofautisha shina na kidole cha Sylvère. Palikuwa pamebaki sehemu ya kulala mtu. Vipande vilivyobaki akavifunika kwa gunia lililoloweshwa maji, visikauke hadi kesho, na mkono wa Sylvère ukatoka, ukalivuta gunia lifunike na vipande vilivyokuwa bado wazi.