Mfalme wa Chumba cha Nyuma

Mfalme alikuja kuangalia chumba Jumamosi mchana, Jocelyne, msusi aliyekaa nyumba hiyo, akiwa uani anamsuka mteja. André, fundi cherehani kutoka Kongo na mwenye nyumba hiyo ya Rosettenville, Afrika Kusini, alimwonyesha bomba, choo na mahali pa kuanika nguo. Mfalme alitawala Ufaransa karne nyingi zilizopita, na alikuwa mfu kwa karibu muda huo huo. Zama zake wafalme hawakukaa mji mmoja. Walihama na watu wao toka kwa mwenyeji hadi mwenyeji, ghala likiisha wanaondoka. Sasa zamu ya Rosettenville ilikuwa imefika. André alisema Kifaransa cha mfalme kina kutu lakini kinaeleweka, akampa ufunguo. Alimshauri tu kwamba akitoka, taji alitie kwenye mfuko wa plastiki, maana mtaa huu hata simu haiponi.

Hakuwa mgeni msumbufu. Alikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, bila kuuliza ni nini, na Jumapili alisali na wenyeji wake kwenye gereji waliyoigeuza kanisa. Huko ndiko ilikojulikana kwamba mikono yake inaponya tezi zilizovimba shingoni, kama mikono ya baba yake na ya babu yake. Aligusa, akafanya ishara ya msalaba, uvimbe ukanywea. Lakini alitibu shingo tu. Mwadini, Mtanga mwenye duka la simu kule mtaa wa Mayfair, alileta mgongo wake, akarudi nao.

Watu walijaa, kwa sababu zahanati ya karibu ilikuwa haiingiliki. Getini walisimama wanaume wenye fulana nyeupe, ambao hakuna aliyewaajiri, wakidai kitambulisho cha Afrika Kusini. Asiye nacho alirudishwa, awe anakohoa au anavuja damu. Ulikuwa unyama, na watu walikuwa wameuzoea kama wanavyozoea taa nyekundu ya robot barabarani.

Jocelyne alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza, kule Lubumbashi, alitolewa kwa kupasuliwa, na daktari alimwonya asithubutu kuzaa wa pili nyumbani. Wale wa getini walikuwa wamekwisha kumrudisha zaidi ya mara moja. Jioni moja aliuchukua mkono wa mfalme, akauweka tumboni. Mfalme aliuacha hapo kwa muda, kisha akauondoa.

"Hili sikupewa, binti yangu," alisema. "Malkia wangu alikufa akijifungua. Nilikuwa na mikono hii hii."

Jocelyne alilia, akanawa uso, akaenda kupika.

Jumapili iliyofuata alikuja mmoja wa wale wa getini, amejizungushia skafu joto lote lile. Zahanati ilikuwa imempa vidonge vya miezi mingi kwa ajili ya shingo yake, naye hakuwa na subira. Nusu ya waliokuwa kwenye foleni aliwahi kuwarudisha yeye mwenyewe. André alinong'ona kwamba basi naye aulizwe kitambulisho cha Kongo. Watu walicheka kidogo, kisha wakamtazama Jocelyne, kwa kuwa ndiye aliyesimamia foleni.

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Jocelyne alitenda wema akiwa na nia ya kurudi getini kwa zahanati Jumatatu. Alimshika yule bwana mkono, akampeleka mbele ya wote, hata mbele ya watoto. Mfalme akagusa, shingo ikawa shingo.

Jumatatu asubuhi yule bwana alimwona Jocelyne kwa mbali, akaja kumpokea. Alishusha kola amwonyeshe shingo ilivyo laini. Alimtambulisha kwa wenzake kuwa huyu ndiye mama aliyemsaidia, akauliza kama mfalme anakula vizuri. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kitambulisho.

"Sina, papa," alisema Jocelyne. "Ni miye nilikuweka mbele jana. Na hii tumbo, nikizalia ku nyumba, nitakufa."

Alijibu kwamba anakumbuka, hawezi kusahau, na kwamba usiku alimwombea kwa Mungu. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Jocelyne akasogea kando ili aliye nyuma yake apite.