Tuta la Bwana Usafi

Mtaa mzima ulimwita Bwana Usafi, naye hakukasirika hata kidogo. Uwanja wake aliusakafia mwenyewe kwa saruji, kutoka mlangoni hadi getini, akawa anaupiga deki kama sebule. Mkewe alikuwa msusi. Wateja aliwasukia barazani huku akiwaomba radhi, maana unywele ukidondoka tu, bwana keshafika na fagio.

Shida ni kwamba mvua za siku hizi hazina adabu. Zinachelewa weee, halafu zinamwaga kwa alasiri moja kile ambacho zamani zilikinyunyiza taratibu mwezi mzima. Na maji yote yaliyoanguka kwenye saruji ile yaliteremka moja kwa moja hadi nyumba ya chini, kwa dada yake Bwana Usafi, fundi cherehani. Vitambaa vya wateja vilipoloa tena, akatangaza: "Yakiingia mara nyingine, nahama. Nimechoka kushonea kwenye kidimbwi."

Msusi alilia chumbani. Wifi yule alikuwa ndugu, shoga na mtani wake. Akiondoka, nani atamsaidia kumcheka mumewe?

"Ivunje hiyo saruji," alimwambia mume.

"Yote?"

"Hata nusu. Au chagua: sakafu au dada yako."

Kwa bahati, mhandisi wa mitaro aliwaita wakazi mkutanoni. Bomoeni sehemu ya saruji, akawaambia, pandeni bustani, maji ya paa na ya uwanja yaishie humo yanywewe na udongo. Bwana Usafi aliposikia "bustani" akaona ameshaelewa, akaondoka kwenda kutafuta miche ya maua. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia?

Akavunja saruji kwa nyundo, uso umemkunjamana kama anang'olewa jino. Kisha akajaza udongo, akainua tuta zuri sana, akalizungushia matofali yaliyopakwa chokaa. Majirani wakalisifu. Hata msusi alilisifu.

Mvua ikaja. Maji yalifika kwenye tuta, yakapiga kona kwa heshima zote, yakaendelea na safari yao kwa wifi.

"Baba watoto, maji hayapandi mlima!" msusi akapiga kelele. "Lilitakiwa shimo!"

Bwana Usafi aliyatazama maji, akayatazama matofali yake meupe. Halafu akatupa viatu, akashika jembe. Akalifumua tuta na maua yake, akachimba kwenda chini, msusi akichota tope kwa karai na kulijengea ukingo upande wa getini. Tope likaruka ukutani, dirishani, hadi masharubuni mwa mwenye nyumba. Shimo likajaa, ukingo ukashika. Getini hakikupita hata kijito.

Wifi akaja mbio na mwavuli, kajiandaa kwa ugomvi. Akamwona kaka yake ameketi ndani ya tope, hoi. Alicheka mpaka akashikilia ukuta.

"Mlangoni kwako vipi?" msusi aliuliza.

"Yameishia kizingitini." Wifi alifuta machozi, akainama, akaanza kulipima shimo kwa mkono kama anavyopima kitambaa. "Kaka, na mimi kule nyuma utanichimbia lini? Ila langu liwe refu kidogo."

Mtu anayehama haagizi shimo. Msusi alimkumbatia na matope yake yote, na wifi akapiga ukelele kulilia gauni lake.