Picha ya Jumamosi

Mama Uwanja, mwenye uwanja na mwamuzi wake, alikuwa na neno moja, na alilisema kila Jumamosi mpaka vijana wakawa wanalimalizia kabla yake: soksi kwanza, barakoa baadaye. Soksi yenyewe ni kifuko cha kitambaa kinachovishwa mdomo wa bunduki, ili hata kidole kikiteleza, gololi ya rangi isitoke. Barakoa nayo si ile ya hospitali. Ni ya plastiki ngumu, ina kioo mbele, inafunika uso mzima. Mpaka kila bunduki uwanjani iwe imevaa soksi, hakuna kugusa barakoa, hata uwe unaoga jasho, hata mdudu awe amekuingia humo ndani. "Gololi ikikupata mgongoni utalia leo, kesho utawasimulia wenzako unacheka," alikuwa akiwaambia. "Ikikupata jichoni, hutakuwa na hamu ya kusimulia."

Timu yao iliitwa Nyigu. Walikuwa mafundi, wauzaji wa maduka, mpishi mmoja na dereva wa lori la mchanga, watu wanaopelekeshwa wiki nzima na mabosi, kisha Jumamosi wanakwenda kupigana kwa rangi nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, katikati ya matairi, mapipa na milango mibovu. Mchezo huo wanauita peintiboli, na anayedhani ni wa bure na ajaribu. Gololi zinakwisha kama karanga mbele ya watoto. Uwanja unalipiwa, mitungi ya hewa inalipiwa, ukichana suruali utajijua mwenyewe. Nahodha wao, fundi wa mafriji na viyoyozi, alikuwa amechoka kuwachangisha watu walewale mpaka wakawa wanamkwepa barabarani.

Akaanza kutafuta mdhamini. Muuza matairi alimsikiliza huku anapiga miayo. Mwenye duka la rangi, mtu mwenye mkono wa birika, alimuuliza mara mbili kama amemwelewa sawasawa. "Yaani mnanunua rangi mrushiane? Mimi nauza watu wapake ukuta, bwana. Nenda salama." Nahodha akatoka kapa. Lakini njiani akili ikamjia: watu hawa wote alikuwa akiwaomba, hakuna hata mmoja ambaye yeye alimpelekea kitu.

Bahati, au tuseme balaa, wiki hiyo aliitwa kutengeneza kiyoyozi katika duka la miwani. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Miwani, alikuwa mtu wa sauti ndogo na mikono safi. Alikuwa na tabia moja. Anakuvua miwani usoni bila kukuomba, anaifuta, anakurudishia, na maongezi yanaendelea kama kawaida.

"Mzee, dirisha lako halisemi kitu," Nahodha alimwambia akiwa juu ya ngazi. "Limejaa miwani, halina hata sura moja."

"Sura nitoe wapi?"

Nahodha akashuka, akatoa simu. Humo mlikuwa na picha ya mdogo wake wa mwisho, siku mechi ilipokwisha, shavu limejaa rangi ya chungwa, anacheka mpaka macho yanang'aa. Uwanjani walimwita Sindano. Jina alitoka nalo nyumbani, maana mama yao alikuwa fundi cherehani aliyekuwa ameanza kusalitiwa na macho, na kila asubuhi binti humtungia uzi kabla hata ya kunawa uso.

Mzee aliichukua simu, akaisogeza karibu. Akaweka kidole juu ya kioo, jicho moja, kisha la pili.

"Macho haya ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Basi nimeshayanunua," alisema, akacheka kidogo. Nahodha naye akacheka, ingawa lile neno alikwenda nalo mpaka nyumbani.

Mapatano yalikuwa mepesi. Mzee atalipia uwanja na gololi, atawashoneshea jezi zenye jina la duka kifuani, na kila Jumamosi atapata picha moja ya dirishani. Nahodha alijua timu ya jirani ilivyompata mdhamini wakamsahau mpaka siku ya kuomba tena, na yule mdhamini akawasahau vilevile. Yeye hakutaka ujinga huo. Picha itafika kabla jua halijazama, na asante juu yake. Mzee akafurahi, akamwita hadi mama yao, akampima macho, akampa miwani bila kumtoza chochote. Siku hiyo mama alitunga uzi mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kisha akauchomoa, akampa Sindano autunge tena, asije akasahau kazi.

Mama hakuwa ameupenda mchezo huo tangu mwanzo. Siku ya kwanza alimshika Nahodha mkono mlangoni. "Huyu nakupa wewe. Namtaka arudi kama alivyotoka. Rangi nitafua. Kingine sitaki kusikia."

"Mama, mimi nipo."

Picha za mwanzo zilipigwa kama sheria inavyotaka. Mechi inakwisha, soksi zinavishwa, barakoa zinapanda juu ya vichwa, wote wanajipanga mstari. Mzee wa Miwani alizitazama mbili akazirudisha. "Hizi picha za harusi, mwanangu. Nataka mchezo wenyewe. Nataka mtu anahema."

"Wakati wa mchezo tunavaa barakoa, Mzee."

"Afunue kidogo tu. Wewe si ndiye nahodha?"

Ulimi wake ulikuwa mtamu, na Nahodha alikuwa ameshalala akiota mashindano makubwa. Jumamosi iliyofuata alisimamisha mchezo katikati, akaamuru bunduki zote zitazame chini, Sindano akafunua, picha ikapigwa, mchezo ukaendelea. Soksi hazikuvaliwa. Zingekula muda. Picha ile ilikuzwa ikajaza nusu ya dirisha, na watu wakawa wanasimama barabarani kuitazama. Mzee akaleta bunduki mpya na kuahidi nauli ya mashindano. Sindano mwenyewe alipita dirishani siku ya kwanza akajifanya hamjui yule msichana, kisha akarudi kupita tena.

Mama Uwanja alipopata habari alimfuata Nahodha penye mitungi. Hakupaza sauti.

"Nasikia siku hizi watu wanavua humo ndani."

"Tulisimamisha mchezo, mama. Bunduki zilikuwa chini."

"Bunduki ngapi ulizihesabu?"

"Haitajirudia," Nahodha alisema, na wakati anasema aliamini kabisa.

Lakini Jumamosi haina huruma. Picha ilitakiwa. Wachezaji nao walishanung'unika kwamba kusimamishwa kunawaharibia mchezo. Kwa hiyo kaka na dada wakaipunguza shughuli mpaka ikabaki yao wawili. Nahodha anapigwa mapema kwa makusudi, anainua mkono, maana aliyepigwa anatoka na hashambuliwi tena, kisha anapita pembeni mwa kamba akielekea nje. Akifika mbele kidogo ya pipa la Sindano, nje ya kamba, anamwita. Sindano, amejibanza nyuma ya pipa, anageuka, anasukuma barakoa juu, anatabasamu, anaishusha. Muda wa kupiga chafya tu. Barakoa ilipokuwa inakwama kwenye nywele, Nahodha aliichukua nyumbani, akalegeza mkanda kwa bisibisi yake mwenyewe, akaujaribu mara kadhaa mpaka ikawa inapanda kwa kidole kimoja. Fundi ni fundi.

Siku moja barakoa ilikuwa imeshuka tu pale gololi ilipopasuka kwenye ukingo wa pipa na kumwagikia kioo. Sindano alicheka. Nahodha alicheka zaidi yake, na usiku huo hakumwambia mtu kwa nini hakula. Alijiapiza kwamba wiki ijayo atamweleza Mzee ukweli wote. Wiki ijayo ikaja, Mzee akamtangulia kwa kumpa bahasha ya nauli, akamvua miwani ya jua usoni, akaifuta, akamrudishia.

"Kijana, wewe unajua kumtunza mtu," alisema.

Baada ya hapo utamwambia nini mtu? Nahodha akapokea.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri mno. Mbingu safi, gololi tele, Nyigu wamejigawa nusu kwa nusu kujipasha kabla ya mashindano. Asubuhi Mzee wa Miwani alikuwa ametuma ujumbe: "Wiki iliyopita pipa limekula jina langu. Leo naomba kifua chote." Mtu huyu hakuwahi kukanyaga uwanjani. Hakuwahi kusikia gololi inavyolia ikipita karibu na sikio. Kwake jambo lilikuwa jepesi kama kumwambia kinyozi apunguze kidogo pembeni.

Nahodha akamsomea dada yake ujumbe walipokuwa wanafunga viatu.

"Nitainuka kidogo," Sindano alisema.

"Kidogo tu."

"Kaka, usiwe na wasiwasi kama mama."

Nahodha akapigwa mapema, pajani, akainua mkono, akapita pembeni mwa kamba. Jua lilikuwa nyuma yake, mwanga mzuri kuliko siku zote. Upande huohuo wa mbele, ndani ya kamba, nyuma ya mlango mbovu, alikuwapo dereva wa lori amelala kifudifudi, anasubiri kichwa kitokeze. Nahodha alijua yupo. Hilo ndilo linalomwamsha hadi leo. Alijua yupo, akasema moyoni kwamba ni muda wa kupiga chafya tu.

"Sindano!"

Aligeuka. Akainuka mpaka jina la duka likatokea lote juu ya pipa, kidole kikasukuma barakoa, nayo ikapanda kwa wepesi kama alivyoitengeneza fundi. Alikuwa anahema. Nywele zimemganda kwenye paji la uso. Akatabasamu, Nahodha akabonyeza, na sauti ya bunduki ikaja pamoja na sauti ya simu hata hakujua ipi ilitangulia.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kiganja usoni, na rangi ya chungwa ikampita katikati ya vidole, kisha nyuma yake ikaja rangi nyingine. Mama Uwanja alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Dereva wa lori alifika mbio, akaona, akatupa bunduki. "Nimeona kichwa tu," akawa anamwambia kila aliyekuwapo. "Nimeona kichwa, nikajua amevaa. Wote tunavaa. Si wote tunavaa?" Watu walikuwa wanamtazama Nahodha, aliyesimama nje ya kamba, simu bado ameinyanyua.

Hospitalini daktari aliwaita kando, akasema bila kuzunguka: jicho la kushoto halitaona tena. La kulia ni zima. Mama alishukuru kwa ajili ya lile la kulia, kwa sauti ya mtu anayemshukuru aliyemrudishia nusu ya mali yake. Tangu afike hakuwa amemuuliza Nahodha neno. Nahodha alitamani amuulize, amtukane, amzabe kibao mbele ya wagonjwa wote, apate pa kuanzia. Mama alikuwa anakunja jezi ya binti yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Simu ikatetema mfukoni. Mzee wa Miwani. "Leo kimya. Picha vipi?" Nahodha akairudisha mfukoni.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Sindano alipozinduka. Bandeji ilikuwa imemla nusu ya uso. Akamtafuta kaka yake kwa lile jicho lililobaki, akampata mwisho wa kitanda.

"Uliipata?"

Nahodha akamrekebishia shuka miguuni.

"Kaka. Picha. Uliipata?"

"Niliipata."

"Basi mtumie mapema. Asije akatuacha."

Mikono ya mama ikasimama juu ya jezi. "Picha gani?" aliuliza. Kisha akanyoosha kiganja kuelekea kwa mwanawe, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto akificha kitu kinywani.

Nahodha akaifungua simu akampa. Mama akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa. Akaisogeza simu, akaipeleka mbali kidogo, akaisogeza tena. Ilikuwa picha nzuri, hilo lazima lisemwe. Jina la duka lilisomeka lote. Sura ilikuwa inahema, na macho yote mawili yalikuwa wazi, yamejaa jua.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Alikuwa anakutazama wewe," alisema.

Mama akavua miwani. Akaikunja mkono mmoja, akaukunja na wa pili, akaiweka juu ya simu, vyote viwili akamtia mwanawe kiganjani na kukifunga kile kiganja kwa mikono yake.

"Mrudishie mwenyewe," alisema, akageukia kitandani, akaanza kupapasa shuka kutafuta mkono wa binti yake.

Nahodha alibaki amesimama. Simu ikatetema tena chini ya miwani. Kutoka kwenye mto, Sindano akauliza kama picha ilikuwa nzuri.