Buti Ndani ya Hita

Shemeji yangu Mikhei hazimi injini ya lori lake kuanzia Novemba mpaka Machi. Akilala, linanguruma. Akienda kuoga, linanguruma. Siku tuliyomzika kaka yake, yaani mume wangu, lilinguruma nje ya uzio wa makaburi kuanzia mwanzo wa sala mpaka udongo wa mwisho, nami nikamnunia miaka miwili. Lakini si yeye peke yake. Kwetu injini iliyozimwa katika baridi ya Januari huganda, na dereva aliyeizima hachekwi siku moja, anachekwa maisha yake yote.

Mwaka ule binti yangu Kunnei alijifungua katika hospitali ya wilaya. Alikuwa amepoteza mimba tatu kabla ya hiyo, kwa hiyo mtoto yule wa kike tulimpokea kwa shukrani na hofu. Alipotimiza siku tisa tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Ndege ndogo ilikuwa haijaruka wiki nzima kwa sababu ya ukungu wa baridi, na mkwe wangu Aisen alikuwa mbali malishoni na farasi, atarudi kijijini siku hiyohiyo. Basi Mikhei akaja kutuchukua. Kilomita mia na sitini, sitini za mwisho zikiwa juu ya mto Aldan ulioganda. Pimajoto la mlangoni lilisoma nyuzi hamsini na tano chini ya sifuri.

"Ba'mdogo, si tungoje ukungu uondoke kwanza?" Kunnei akauliza.

"Ukungu wa Januari unaondoka Februari. Pandeni."

Lori lenyewe alilinunua kwa wapima madini walipofunga kambi yao, na tangu hapo amelitibu mwenyewe. Boneti imefunikwa blanketi nene la kushonwa. Madirisha yana kioo cha pili kilichogundishwa kwa ndani, na kioo cha mbele kimewekewa kipande kingine upande wa dereva, ili jalidi, yaani mvuke unaoganda kiooni, isimzibe macho. Hita ameiunga na kuiziba mara nyingi mpaka sidhani kama imebaki na skrubu moja ya kiwandani. Lakini ilipuliza. Ndani ya kabini tulivua glovu, na Kunnei akamnyonyesha mtoto kabla ya kumrudisha kwenye mfuko wake wa manyoya ya sungura, akafunika uso kwa ile kona inayoachwa kwa ajili hiyo. Kona hiyo haifunuliwi njiani. Hewa ya nje ya namna ile ikiingia kwenye kifua cha mtoto wa siku tisa, basi tena.

Saa nne asubuhi tukafika pale barabara inapoteremka mtoni. Mto kwetu ni Nyanya, yaani bibi wa wote, na mtoto anayepita juu yake kwa mara ya kwanza lazima atambulishwe. Unaweka chapati za maji zenye siagi juu ya barafu, unafunga uzi wa singa za farasi kwenye kichaka, unataja ukoo. Nilikuwa nimezipika chapati zile jikoni kwa wauguzi, huku nikigombana nao.

"Shemeji, zima," nikasema.

"Nizime nini?"

"Hiyo injini. Nyanya atasikiaje jina la mtoto na hilo pipa lako linakohoa?"

"Fevronya, hamsini na tano hii!"

"Dakika tano tu. Au unaogopa kuchekwa? Nani atakuona hapa, samaki?"

Akanitazama, kisha akautazama mfuko wa manyoya uliokuwa mapajani pa Kunnei. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo polepole. Nadhani alifanya kwa ajili ya mtoto, maana mimi hajawahi kunitii bila kubishana nusu saa.

Niliteremka peke yangu. Nimeishi kando ya mto ule miaka sitini na moja, na sikuwa nimewahi kuusikia hivyo. Hakuna upepo, hakuna ndege, hakuna injini. Pumzi zangu ziliganda zilipotoka mdomoni nikazisikia zikianguka, zikichakarika taratibu kama nafaka inayomiminwa kwenye gunia. Chini kabisa, chini ya barafu yenye unene wa kimo cha mtu, maji yalikuwa yanatembea. Niliyasikia, naapa. Nikaweka chapati, nikafunga uzi. Nikaanza kutaja majina, ya mama yangu, ya mama yake, na ya wale niliowasikia tu wakisimuliwa, nikaona aibu kumruka yeyote. Dakika tano zikawa kumi na tano.

Niliporudi Mikhei alikuwa tayari anahangaika na ufunguo. Injini ikawaka mara ya tatu. Tukacheka kwa furaha, na kicheko hakijaisha, kitu kikapasuka ndani ya dashibodi. Maji ya moto yakamwagika miguuni petu, mvuke ukajaa kabini, na kabla sijafuta uso vioo vyote vilikuwa vyeupe.

Mikhei akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Alipotoka nywele zake zilikuwa na barafu.

"Maji yameganda kwenye hita, yameipasua."

"Si unaweka dawa isiyoganda?"

"Iliisha mwezi uliopita, nikaongeza maji. Nilijua sitazima."

Akageuka kutafuta zana zake. Angetukana ningepata nafuu.

Nyuma yetu kilomita mia, mbele sitini. Hakuna gari lingine lililotoka siku ile, wenzetu wana akili. Kunnei aliukumbatia mfuko ndani ya koti lake, na midomo yake ilikuwa imeanza kupoteza rangi. Alikuwa amepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Nilijua wazi kwamba nikiwa nimemtambulisha mjukuu wangu kwa Nyanya, huenda pia nimemkabidhi.

Mikhei alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Alikata mipira miwili ya hita, akaiunganisha kwa kipande cha pampu ya baiskeli na waya, ili maji yaliyobaki yasikimbie. Kisha akanyoosha mkono.

"Leteni chai."

"Unataka kunywa saa hizi?"

"Rejeta ndiyo inayokunywa."

Akamimina chupa zetu mbili za chai, maziwa na yote. Injini ikatulia. Lakini lori linaloenda bila kuona ni jeneza lenye magurudumu, na pumzi zetu zilikuwa zinaganda kwenye kioo upesi kuliko alivyoweza kukwangua. Akajaribu mshumaa ndani ya kopo: ukayeyusha tundu la ukubwa wa kifungo, likaziba. Akajaribu chumvi kwenye kitambaa: ikaacha michirizi tu.

Hapo akaitazama ile hita iliyopasuka. Ghafla akachukua tindo na nyundo, akaing'oa yote, akaitupa nje kwenye theluji. Pakabaki shimo lililotazama injini.

"Umeiua sasa!" nikapiga kelele.

"Ilishakufa. Bomba la moshi pale lina moto kuliko jiko lako, Fevronya, na joto lote linapotea bure. Nipe lile kopo la biskuti."

Alilikata kopo, akalizungushia bomba lile na kulikaza kwa waya, akiacha mdomo wazi. Kilichokosekana ni njia ya kuleta joto lile ndani. Mpira wake wa akiba ulivunjika mkononi kama biskuti yenyewe, kwa baridi. Akatazama huku na huku, halafu macho yake yakatua miguuni pangu.

Nilivaa mabuti ya sufu nene iliyogandamizwa, yanayofika magotini. Sufu ile haiwaki moto, inaungua polepole tu. Yeye alihitaji yake, kwa kuwa alikuwa analala juu ya barafu kila mara. Kunnei sikutaka hata kumfikiria. Nikavua la kulia.

"Kata," nikasema.

"Mguu wako je?"

"Nimesema kata! Ni mguu wangu, si wako."

Akaondoa kile kiatu cha chini, likabaki bomba la sufu. Mguu wangu akautia ndani ya kofia yake ya manyoya, akaifunga kwa kamba, na kichwani akajifunga shali langu la maua mekundu. Hata katika hofu ile Kunnei alicheka.

"Ba'mdogo, umependeza. Tukuozeshe?"

"Nani atanimudu?"

Akachomeka buti kwenye mdomo wa kopo, akalipitisha shimoni, na upande wa pili nikaushika mimi. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha kwenye viganja vyangu kikaja kitu kama pumzi ya mnyama. Kikazidi. Kikawa joto, joto kweli, lenye harufu ya sufu na biskuti zilizoungua, na nilijikuta nalia bila kujizuia. Sikuwahi kustaajabia chombo chochote cha binadamu kama nilivyolistaajabia buti langu mwenyewe siku hiyo.

"Lielekeze kwenye kioo," Mikhei akaniambia.

Jalidi ikatoa jasho. Likafunguka tundu dogo kama ukucha, likawa kama sahani ya chai, na humo ndani ya tundu lilikuwepo jua. Lilikuwa chini kabisa juu ya miti, na kila upande wake lilisimama jua jingine dogo, yote matatu yameunganishwa na duara la mwanga. Nimeona jua la namna ile, linalochorwa na baridi kali hewani, mara nyingi na huwa napita tu. Siku ile lilinijia usoni kupitia tundu lililofunguliwa na buti, mwanga wake ukatua kwenye mfuko wa mtoto. Mikhei naye aliliangalia, mkono umetulia kwenye gia.

Kisha tukaondoka, na hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza, kwa sababu buti lilikuwa moja. Nikilielekeza kwenye kioo, mfuko unapoa. Nikilielekeza kwenye mfuko, kioo kinafunga.

"Kioo!" Mikhei anaita.

"Mama, mtoto!" Kunnei anaita.

Kilomita sitini nilikuwa naligeuza buti lile. Wakati wa mtoto tundu lilisinyaa likawa kama kifungo, na Mikhei aliendesha akiwa ameinama, jicho moja limegandishwa hapo, huku akinitajia barabara ili asijisahau: kona, mti, kona, ufa kwenye barafu. Wakati wa kioo nilihesabu mpaka sitini, kisha nikalirudisha buti kwa mtoto. Dirisha la kushoto aliliacha wazi kidogo, moshi usituue. Viganja vyangu viliungua, vidole vya mguu wa kulia vikaacha kuuma, na hiyo ni dalili mbaya. Sikumwambia mtu.

Mtoto hakulia hata mara moja. Kila mmoja wetu aliisikiliza ile kona iliyofunikwa na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Aisen alikuwa uani. Alimbeba Kunnei na mfuko pamoja, akawaingiza ndani, na mimi nikachechemea nyuma nikiwa na buti moja na kofia moja. Jamaa na majirani walikuwa wamejaa karibu na jiko. Kunnei akauweka mfuko kitandani, lakini vidole vyake vilikataa, ikabidi nifunue mimi.

Kwanza ukatoka mvuke. Halafu nikamwona. Alikuwa mwekundu, paji la uso lina jasho, nywele zimelowa, na macho ameyafumbua kabisa. Hakuwa amelala. Alinitazama kwa utulivu, kama mtu aliyekuwepo muda wote akisikia kila kitu. Nilipiga magoti. Nimezaa watoto wanne na nimewaosha wazazi wangu wote wawili walipokufa, lakini sikuwahi kumpigia mtu magoti kabla ya kile kiumbe cha siku tisa.

Ndipo Aisen, aliyekuwa amesikia habari ya hita tulipokuwa tunashuka, akageuka. "Hita imepasukaje?" akauliza. "Nani alizima injini?"

Mikhei alikuwa amesimama mlangoni, shali langu la maua bado kichwani.

"Mimi," akasema. "Nilijisahau."

Wanaume wakatazama chini. Kunnei akanitazama mimi, akasubiri. Ni mwanangu, asingeweza kumwaibisha mama yake mbele za watu. Nami niliyezoea kujibu kila mtu, nikainama kufungua kamba ya kofia mguuni. Wakaanza kuushughulikia mguu wangu, nikapoteza vidole viwili, na watu wakasema masikini Fevronya, uzembe wa shemeji yake umemlemaza.

Tangu hapo Mikhei anaitwa Mzima-Injini, na kijijini kote hakuna anayemwita vinginevyo. Hajawahi kusahihisha.

Jana alikuja kula kwetu. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita na mdomo kama wa kwangu. Akamkalia mapajani mbele ya wageni wote.

"Babu Mzima-Injini, eti kwa nini ulizima?"

Watu wakaangua kicheko. Mikhei akacheka nao, akapaka siagi kwenye mkate wake.

"Nilitaka kusikia kimya kilivyo," akasema.

Nikaweka kikombe mezani. "Njoo hapa, mtoto," nikamwambia, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Mimi ndiye niliyemwambia azime."